Injini Zilizokataa Kustaafu

Mwenye mashine ya kusaga hana haja ya kubandika tangazo. Mama anayeshuka mlima na kikapu cha mihogo mikavu kichwani, katika vijiji vya Gitega au vya Muyinga, husikia tuku-tuku-tuku kabla hajaliona banda lenyewe, akajua leo mazutu yapo na foleni imeshaanza. Mlio huo ukikosekana siku mbili tatu, watu hurudi kwenye kinu na mchi, na kila anayepita banda huuliza fundi yuko wapi.

Sauti hiyo ni ya injini ya silinda moja inayokwenda taratibu. Nyingi za aina hiyo zilizotapakaa Afrika Mashariki ni nakala, au nakala za nakala, za muundo unaokaribia kutimiza miaka 100. Ulitoka Dursley, mji mdogo wa Uingereza, katika kampuni ya R. A. Lister iliyoanzishwa mwaka 1867 kwa kutengeneza zana za wakulima. Mwaka 1929 kampuni hiyo ilitoa injini ya dizeli iliyoitwa Lister CS. Sifa yake kubwa wakati huo ni kwamba iliwaka ikiwa baridi. Injini nyingi za mafuta za kabla yake zilitaka kichwa kipashwe moto kwa taa ya gesi au ya mafuta ya taa mpaka kiive, ndipo zikubali kunguruma.

Mfano uliopendwa kuliko yote ni ule wa 6/1, yaani nguvu za farasi 6 na silinda 1. Huzunguka mara 650 kwa dakika. Kwa kuwa injini ya mipigo minne huwasha mafuta mara moja katika kila mizunguko miwili, hiyo ni milipuko 325 kwa dakika, mitano na ushei kwa sekunde, polepole kiasi kwamba sikio linaweza kuitenganisha. Dizeli ndogo za kisasa zinazouzwa madukani huzunguka mara 2,000 na zaidi. Zinapiga kelele za nyuki, na zinakula ringi zake kwa kasi hiyo hiyo.

Baada ya India kupata uhuru, viwanda vya mji wa Rajkot, katika jimbo la Gujarat, viliichukua ramani hiyo ya Lister na kuifanya yao. Viliendelea kuimimina kwa chuma kwa miongo mingi, kikiwemo kipindi ambacho Dursley kwenyewe kazi hiyo ilikuwa imekwisha. Kwa hiyo mzee anayesema mashine yake ni "Lista" huenda hakosei hata kama kibao kinataja Rajkot.

Kuiwasha ni tamthilia fupi. Mwendeshaji hupachika hendeli kwenye ncha ya krankishafti, kisha kwa mkono mwingine huinua kijiti kinachoizuia valvu ya kutolea moshi isifunge. Valvu ikiwa wazi, hewa haibanwi ndani ya silinda, na mtu mmoja anaweza kuyazungusha magurudumu mawili mazito ya pembeni bila kuvunjika mgongo. Mzunguko wa kwanza mgumu, wa pili mwepesi, wa tano magurudumu yanakwenda yenyewe. Hapo kijiti kinaachiliwa. Valvu inafunga, pistoni inaibana hewa mpaka inakuwa moto wa kuunguza, pampu inapuliza tone la mazutu, na mlipuko wa kwanza unatikisa banda. Mwenye akili anakuwa ameshaichomoa hendeli. Wapo waliochelewa wakavunjwa mkono.

Maji ya kupoza hayana pampu. Pipa la lita 200 limesimama kando, mabomba mawili yameungwa, moja juu na moja chini. Maji yaliyopata moto ni mepesi, hupanda na kuingia pipani kwa juu, na yaliyopoa hushuka kuchukua nafasi yake. Oili nayo haisukumwi kwa presha kama katika gari. Chini ya fimbo ya pistoni kuna kijiko kidogo kinachochovya ndani ya oili na kuirusha huku na huku kila mzunguko. Mtoto wa darasa la sita akionyeshwa mara moja anaelewa. Pengine hiyo ndiyo heshima kubwa zaidi ambayo mhandisi anaweza kumpa mtumiaji wake.

Na hapo ndipo penye siri ya mashine za zamani. Watu husema ziliundwa kwa chuma kizito, na ni kweli, lakini uzito peke yake haujaokoa kitu. Chuma kizito kilicholala bila fundi huoza kama chepesi. Kilichoziweka hai ni kufunguka. Waliozibuni walitarajia kwamba zitaharibika, tena mbali na kiwanda, mikononi mwa mtu mwenye spana chache na subira nyingi. Wakamwachia njia ya kuingia.

Mtu wa Gitega akiulizia fundi wa injini, si ajabu akaelekezwa mtaa wa Yoba. Mitaa ya Waswahili ya Burundi, kuanzia Buyenzi ya Bujumbura iliyojaa magereji na maduka ya vipuri, ina jina katika kazi za udereva, umekanika na uchomeleaji. Ni historia ya eneo zima la Maziwa Makuu: Kiswahili kilikuja na misafara, kikakaa na wafanyabiashara, halafu malori yalipofika kikapanda ndani ya kabini na kulala chini ya gari. Fundi wa Yoba anaweza kuongea Kirundi na mteja na Kifaransa na karani, lakini akiwa amelala chini ya injini na kijana wake anampa spana, maneno yanayotoka mengi ni ya Kiswahili: legeza, kaza, tikisa, sikiliza.

Mfano wa kazi yake ni beringi ya fimbo ya pistoni. Katika injini hizi za zamani beringi hiyo ni vipande viwili vilivyopakwa chuma laini cheupe kinachokubali kuliwa ili krankishafti isiliwe. Katikati ya vipande hivyo waundaji waliweka vibati vyembamba sana vya shaba au chuma. Injini ikianza kugonga, fundi hufungua kidirisha cha ubavuni, haishushi injini wala hatoi kichwa, anaondoa kibati kimoja kila upande, anakaza bolti, kisha anazungusha gurudumu kwa mkono kupima kama kuna mchezo. Kazi ya asubuhi moja. Beringi ikiisha kabisa, chuma laini huyeyushwa, humiminwa upya na kukwanguliwa kwa mkono mpaka kikae. Kinachohitajika ni jiko, kalibu, kikwanguzi na jicho.

Kipuri ambacho hakipatikani hutafutwa Bujumbura, au huagizwa Dar es Salaam, kwenye maduka ya Kariakoo na Gerezani, kikapakiwa katika lori na kuingia kwa mpaka wa Kobero, huko Muyinga. Kisipopatikana popote, kinakerezwa. Kipande cha ekseli ya lori lililokufa kinaweza kugeuka pini ya pistoni, na pini hiyo ikafanya kazi miaka.

Burundi ina mashine nyingine kongwe ambayo wanywaji wa kahawa wa Ulaya na Marekani wanaifaidi bila kuijua. Katika vituo vingi vya kuoshea kahawa vilivyojengwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa 1990 kuna mashine ya kumenya ya McKinnon, muundo wa kampuni ya Aberdeen, Uskoti, iliyoanza kazi ya kumimina chuma mwaka 1798. Ndani yake kuna sahani za chuma, mara nyingi tatu, zenye vipele upande huu na huu. Sahani ikizunguka, vipele vinalisukuma tunda la buni kwenye ukingo mwembamba, ganda jekundu linapasuka, punje mbili zinateleza upande mmoja na ganda linakwenda upande mwingine. Nafasi kati ya sahani na ukingo inarekebishwa kwa skrubu. Ikibana sana, punje inakwanguka na ladha inaharibika. Ikilegea, tunda linapita zima. Mwendeshaji mzuri huchota konzi moja ya punje zilizotoka, huzitandaza kiganjani na kuzitazama, kisha hugusa skrubu robo mzunguko. Hakuna kioo cha kompyuta kinachofanya kazi hiyo kumshinda, na sifa ya kahawa ya Burundi duniani inapitia kiganjani hapo msimu baada ya msimu.

Lakini anayetaka kuona chuma cha zamani kilivyofungamana na historia ya eneo hili lote, ateremke ziwani.

Mwaka 1912 Wajerumani waliianzisha Gitega kama makao yao ya utawala wa Urundi. Mwaka uliofuata, huko Papenburg, kaskazini mwa Ujerumani, kiwanda cha Meyer kiliunda meli ya mvuke ya mita zipatazo 70 kwa ajili ya Ziwa Tanganyika. Iliitwa Graf von Goetzen, kwa jina la gavana wa Afrika Mashariki ya Kijerumani wa mwaka 1901 hadi 1906, mtu ambaye mwaka 1894 alikuwa amepita Rwanda na msafara wake. Meli ilikusanywa, ikafunguliwa tena, ikapakiwa katika masanduku yapatayo 5,000 na kusafirishwa mpaka Dar es Salaam. Reli ya Kati ilifika Kigoma mwezi Februari 1914, na masanduku yakafuata. Mafundi watatu wa Papenburg waliandamana nayo. Pamoja na vibarua Waafrika na Wahindi waliiunganisha upya, ribiti kwa ribiti, na tarehe 5 Februari 1915 ikaingia majini. Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa imeshaanza, na meli ya abiria ikafungwa mizinga.

Waingereza wakajibu kwa mkasa wa mashine nyingine. Walileta boti mbili ndogo za injini, Mimi na Toutou, kwa meli mpaka Cape Town na kwa treni mpaka Katanga. Pale reli ilipokoma, boti ziliwekwa juu ya magari na kukokotwa na matrekta mawili ya mvuke kuvuka milima ya Mitumba. Matrekta yale yalikuwa na kiu isiyosemeka. Vyanzo vya maji vilikuwa mbali, na wanawake wa vijiji walipangwa kubeba maji kichwani kulijaza boila. Milima ilipozidi, ng'ombe walifungwa kusaidia, na nyaya zikazungushwa kwenye miti. Boti zilifika ziwani. Tarehe 26 Desemba 1915 ziliiteka meli ya Kijerumani Kingani, na tarehe 9 Februari 1916 Mimi na Kingani hiyo iliyotekwa zikaizamisha Hedwig von Wissmann. Vitabu husimulia sana ujasiri na vituko vya kamanda wao, Geoffrey Spicer-Simson. Wanawake waliobeba maji hawana majina vitabuni, na bila wao maboila mawili yangebaki vyungu vitupu porini.

Graf von Goetzen haikushindwa vitani. Kigoma ilipokuwa inaelekea kuangukia mikononi mwa Wabelgiji, amri ilitolewa izamishwe. Hapa ndipo mafundi wa Papenburg walipofanya jambo ambalo kila mpenzi wa injini analijua. Kabla ya kuizamisha walizipaka injini grisi nzito, kila mahali penye chuma kilichosuguliwa. Kisha meli ilijazwa mchanga na tarehe 26 Julai 1916 ikalazwa taratibu chini ya ziwa, si mbali na mdomo wa mto Malagarasi. Waliitii amri ya kamanda wao, lakini kazi ya mikono yao hawakuitupa.

Sehemu kubwa ya miaka karibu 8 iliyofuata ilikaa chini ya maji. Waingereza waliiinua tarehe 16 Machi 1924, na walipofuta matope walikuta injini na boila bado zinatumika. Tarehe 16 Mei 1927 ilirudi kazini kwa jina jipya, Liemba.

Injini zake za mvuke zilikuwa za kupanuka mara tatu. Mvuke wa moto kutoka kwenye boila huingia kwanza katika silinda nyembamba na kuisukuma pistoni. Ukitoka pale umepoteza nguvu kiasi, lakini haujaisha, hivyo hupelekwa katika silinda pana zaidi, na baadaye katika ya tatu iliyo kubwa kuliko zote. Mvuke uleule unafanya kazi mara tatu kabla ya kupozwa na kurudi kuwa maji. Meli nyingi za dunia za wakati ule zilikwenda hivyo. Za Liemba zilifanya kazi mpaka miaka ya 1970, zilipoondolewa na kuwekwa dizeli. Kwa hesabu za biashara ulikuwa uamuzi sahihi. Wapenzi wa mvuke hawajauzoea mpaka leo.

Kwa Warundi, Liemba si hadithi ya vita vya wazungu. Kwa miaka mingi ilitia nanga Bujumbura. Mwaka 2015 makumi ya maelfu ya watu walipokimbia machafuko na kujazana Kagunga, kijiji cha wavuvi cha Tanzania kilicho mpakani, kisicho na barabara ya maana, Liemba ilikuwa miongoni mwa vyombo vilivyowachukua mafungu kwa mafungu mpaka Kigoma. Mtoto aliyevushwa siku hizo alipanda chombo kilichounganishwa zaidi ya miaka 100 nyuma, na ribiti zake nyingi zikiwa zilezile. Baadaye meli ilisimama kusubiri matengenezo makubwa, na mwaka 2023 Serikali ya Tanzania ikasaini mkataba wa kuikarabati.

Kwa kulinganisha, inafaa kukumbuka Kongwa, katikati ya Tanganyika, maana huko chuma kilipakuliwa kwa wingi sana, na hakikudumu. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilikuwa na njaa ya mafuta ya kupikia, na mwaka 1947 ikaanza mradi wa kulima karanga katika eneo kubwa mno. Matrekta mapya hayakupatikana, hivyo yakanunuliwa matrekta na makatapila yaliyobaki vitani huko Ufilipino, mengi yakiwa yameshaliwa na kutu. Kiwanda cha Vickers kilibadili vifaru vya Sherman kuwa matrekta yaliyoitwa Shervick. Makatapila mawili yalifungwa mnyororo wa nanga ya meli katikati ili kung'oa kichaka. Vichaka vya Ugogo vilikataa, mibuyu ikakataa zaidi, na udongo wa Kongwa ukikauka ulikuwa mgumu wa kula vyuma vya majembe.

Kilichoua mashine zile kwa haraka ni jambo la kawaida kabisa. Karakana hazikuwa tayari, vipuri havikuwepo, na madereva walifunzwa juu juu kisha wakakabidhiwa mitambo mizito. Kabla mwaka wa kwanza haujaisha, sehemu kubwa ya matrekta ilikuwa imesimama. Mradi ulifungwa mwaka 1951, na walipa kodi wa Uingereza wakapoteza zaidi ya pauni milioni 35. Meli moja iliyopakwa grisi na watu watatu imeishi karne, na msururu mzima wa makatapila haukumaliza miaka 5.

Zipo mashine nyingine zilizopata bahati ya kustaafu kwa heshima. Katika Makumbusho ya Reli ya Nairobi, yaliyofunguliwa mwaka 1971, mgeni anaweza kusimama kando ya Mount Gelai, injini ya treni yenye namba 5918. Ni ya daraja la 59, aina ya Garratt. Kampuni ya Beyer Peacock ya Manchester iliunda 34 za namna hiyo mwaka 1955 na 1956 kwa ajili ya reli za Afrika Mashariki, na kila moja ilipewa jina la mlima wa huku kwetu. Kila moja ilikuwa na uzito wa tani 252. Zilikuwa injini za mvuke zenye nguvu kuliko zote duniani katika reli ya upana wa mita 1.

Uzito huo wote haungekubaliwa na reli nyembamba yenye kona kali ya Mombasa hadi Nairobi kama usingegawanywa. Garratt ina seti mbili za magurudumu na silinda, moja mbele na moja nyuma, na boila limening'inia katikati kama machela. Kila seti hujipinda peke yake kwenye kona, na kwa kuwa hakuna magurudumu chini ya boila, mbunifu aliweza kulifanya nene kadiri alivyotaka. Anayetembea kutoka ncha hadi ncha hupiga zaidi ya mita 30. Ukiigusa fimbo inayounganisha magurudumu, unakuta chuma kilichosuguliwa laini kama mpini wa jembe la zamani, na kwenye viungo vyake kuna vikombe vidogo vya oili vyenye vifuniko, ambavyo mtu alipaswa kuvijaza kimoja kimoja kabla ya safari. Dizeli zilizoingia baadaye zilikuwa rahisi kuendesha, na kufikia mwaka 1980 Garratt zilikuwa zimeacha kazi.

Tusizidishe sifa, hata hivyo. Mashine ya zamani ina gharama zake, na anayeisifu bila kuzitaja hajawahi kuishi nayo. Inavuja oili. Moshi wake unaingia katika kifua cha mwendeshaji na katika unga wa wateja banda likiwa finyu. Mkanda mrefu kutoka kwenye gurudumu hadi kwenye kinu mara nyingi hauna kinga yoyote, na kanga au koti pana likinaswa, hakuna kitufe cha kuzima kwa haraka. Wavu wa chuma wa kuuzungushia mkanda huo unachomelewa na fundi yeyote wa Yoba kwa siku moja. Asiyeuweka hana cha kujitetea.

Lakini mashine mpya nazo zimeleta ugonjwa wake. Gari la kisasa likizima njiani kati ya Muyinga na Gitega, tatizo linaweza kuwa kihisi kidogo kuliko punje ya hindi, na bila kompyuta ya kulisoma fundi anabaki kukisia. Ndiyo maana Land Cruiser zenye injini ya 1HZ bado zinagombaniwa. Injini hiyo ilitoka mwaka 1990: silinda sita, lita 4.2, haina tabo, pampu yake ya mafuta ni ya kimakanika. Mashirika na wakandarasi wanaofanya kazi penye barabara mbaya wanaipenda kwa sababu ileile inayomfanya mwenye banda asiiuze Lista yake. Inapoharibika, mtu wa karibu anaweza kuifungua.

Adui mkubwa wa injini kongwe sasa ni mizani. Mnunuzi wa vyuma chakavu hupima kwa kilo. Kwake gurudumu la Lista, sahani ya mashine ya kahawa na bomba lililopasuka ni kitu kimoja. Chuma cha kumimina hupasuliwa kwa nyundo ili kienee kwenye lori, na kikishapasuliwa hakirudi. Familia inapata fedha ya kununulia mbolea msimu mmoja, na kipuri ambacho fundi wa kijiji cha pili amekitafuta miaka mitatu kinakwenda tanuruni.

Kabla ya kuuza, mwenye injini iliyoganda afanye mambo machache. Atafute kibao, kwa kawaida cha shaba au aluminiamu, kilichopigiliwa ubavuni. Pale huandikwa kiwanda, mji, nguvu za farasi, mizunguko kwa dakika na namba ya injini. Asikisugue kwa msasa wala kukipaka rangi juu. Maji ya sabuni na kitambaa yanatosha. Namba nyingine humiminwa pamoja na chuma chenyewe na husomeka ukizipaka chaki. Kama pistoni imekwama, amimine mazutu yaliyochanganywa na oili ndani ya silinda, aache siku kadhaa, kisha alitikise gurudumu mbele na nyuma kidogo kidogo. Asipige pistoni kwa nyundo. Injini nyingi zilizotangazwa kufa zimefufuliwa na subira hiyo, na nyingi zilizokuwa hai zimeuawa na nyundo.

Gitega ina Makumbusho ya Taifa tangu mwaka 1955, na watu huenda kuona ngoma, vikapu, vyungu na vitu vya enzi ya wafalme. Injini moja ya kusagia, mashine moja ya kumenya kahawa ya McKinnon na sanduku la zana za fundi wa kwanza wa Yoba havingehitaji nafasi kubwa, na vingeeleza namna Warundi wa karne ya 20 walivyokula na walivyopata fedha. Wakati ni huu, kwa sababu wazee waliojua kumimina beringi wanapungua, na nchi ambayo haijawahi kuwa na reli ilianza kujengewa ya kwanza mwaka 2025, kutoka Uvinza mpaka Musongati. Reli hiyo itataka vijana wanaojua kusikiliza chuma.

Basi mwenye injini ya zamani, iwe inasaga au imelala nyuma ya nyumba, apige picha ya kibao chake, aandike ilinunuliwa lini, na nani, na fundi gani aliyeifungua mara ya mwisho. Amwite kijana wa jirani amwonyeshe kijiti cha valvu kinavyoinuliwa na hendeli inavyochomolewa. Kazi hiyo ni ya nusu saa, na lori la vyuma chakavu halipigi hodi mara mbili.